Shangazi, katuni imenifanya nijitazame kwenye kioo

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, naishi Tanga na mama yangu, dada yangu na mwanawe wa miaka tisa. Nilipokuwa na miaka minne kibatari kilipinduka kwenye mkeka niliokuwa nimelalia. Niliungua shavu la kushoto, sikio na shingo upande huohuo. Ngozi imekunjamana kama karatasi iliyolowa maji ikakauka, sikio limebaki nusu, na shingo hunivuta nikitaka kutazama juu. Umeme ukikatika wakawasha mshumaa, mimi hutoka nje nikae barazani.

Navaa ushungi kama wanawake wote wa kwetu, na ningeuvaa hata kama nisingeungua. Ila mimi nauvuta kushoto hadi karibu na pua, nabana na pini. Pini hiyo siitoi hata nyumbani mpaka taa zizimwe. Kazi yangu ni ya duka la dawa, nyuma, stoo. Mwenye duka ameniambia mara mbili nije mbele kaunta kwa sababu nazijua dawa kuliko wenzangu. Mara zote mbili nimekataa, nikasingizia macho yananiuma.

Miezi miwili iliyopita kaka yangu alileta flashi yenye katuni inayoitwa Avatar: The Last Airbender. Mtoto wa dada akawa anaitazama kila akirudi madrasa. Humo yumo kijana anaitwa Zuko, mtoto wa mfalme wa Taifa la Moto, ana kovu la moto kutoka jicho la kushoto hadi sikioni. Siku ya kwanza alipotokea, mtoto aligeuka akanitazama, akaniuliza: “Mama mdogo, kwani na wewe ni mtoto wa mfalme?”

Shangazi, katika nyumba yetu neno kovu halijatamkwa kwa miaka 23.

Nikaanza kuitazama peke yangu usiku wote wakilala. Kuna mahali Zuko na mjomba wake Iroh wanakimbia, wamechoka, wanakaribishwa chakula na msichana mmoja mganga anayeitwa Song. Usiku Song anakaa naye nje, ananyoosha mkono kuligusa kovu lake, Zuko anamshika mkono kwa nguvu. Song hakasiriki. Anapandisha nguo yake kidogo, anamwonyesha mguu wake. Umeungua wote. Nilisimamisha pale nikatoka uani. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulionyesha kovu lake ili mwenzake asijisikie peke yake.

Halafu kuna pale msichana mwingine, Katara, anapomwambia Zuko ana maji ya uponyaji yanayoweza kuliondoa lile kovu. Anaweka mkono wake shavuni kwa Zuko, na Zuko anafumba macho. Nikawa nasema kimoyomoyo, kubali, kubali! Ikaharibika. Wakaingiliwa, na maji yale yakaja kumwokoa mtu mwingine. Nilinuna siku nzima. Lakini mwisho wa yote anavikwa taji, na kovu lake liko palepale.

Kuanzia hapo nilikaa nyumbani siku tatu bila pini. Siku ya tatu mama aliniona mezani. Aliinuka akaacha wali wake. Kesho yake nikakuta kopo jipya la krimu ya kuondoa makovu juu ya kitanda changu. Kila Idi huniletea moja. Hajawahi kunieleza ilikuwaje siku ile. Bibi ndiye aliyeniambia kabla hajafariki, kwamba mvua ilikuwa inakuja na mama alitoka nje kuanua nguo.

Dada ananicheka, anasema mtu mzima kufundwa na katuni ni kupungukiwa. Mimi nimeamua, harusi ya binamu yangu miezi miwili ijayo nitaingia ukumbini bila pini, mbele ya ukoo wote, yaishe. Zuko alipona alipolikubali kovu lake, na mimi nataka kupona. Ila nikiiwaza siku hiyo tumbo linauma. Je, ni utoto? Na mama nimfanyeje?

Mwenye Pini, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Sikukujibu upesi kwa kuwa nilitaka kwanza nikione hicho kilichokutoa machozi. Mjukuu wangu alinitafutia. Ni sehemu 61, kila moja dakika ishirini na kitu, na imenichukua wiki tatu, baada ya isha mpaka macho yanakataa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani kati ya 2005 na 2008, kwenye chaneli ya watoto. Dada yako hajasema uongo, ni katuni ya watoto kweli.

Lakini ngoja nikueleze mahali ambapo mimi mwenyewe, bibi mwenye wajukuu, niliizima televisheni. Ni sehemu inayowafuata wale watu mmojammoja katika mji wa Ba Sing Se. Iroh anazunguka mjini siku nzima. Anambembeleza mtoto anayelia kwa wimbo, anamkalisha chini kijana aliyetaka kumpora, anamnywesha chai na kumsikiliza. Jioni anapanda kilima peke yake, anaweka picha chini ya mti. Ni picha ya mwanawe aliyeuawa vitani, katika vita ambavyo Iroh mwenyewe aliviongoza kuuzingira mji huohuo kwa siku 600. Anaimba ule wimbo wa asubuhi, na sauti inamkatika. Mzee aliyemtolea Iroh sauti, Mako, alifariki 2006, na sehemu hiyo waliitoa kwa heshima yake. Mimi nimezika mtoto. Nilikaa gizani muda mrefu kabla sijaiwasha tena. Kwa hiyo mwambie dada yako kwamba Shangazi naye amefundwa na katuni, na haoni haya.

Sasa nikusahihishe jambo moja, na usilione dogo. Umemwita Iroh mjomba wa Zuko. Kwa Kiingereza neno ni moja, lakini sisi tunayo maneno yetu. Iroh si kaka wa mama yake Zuko, ni kaka wa baba yake, tena kaka mkubwa. Basi kwa lugha yetu huyo ni baba mkubwa. Ni baba! Itazame upya hadithi nzima kwa neno hilo. Kijana anafukuzwa kwao akiwa na miaka 13, uso umeunguzwa na baba yake mzazi kwa sababu alinena mbele ya majenerali kuwatetea askari wapya wasipelekwe kuuawa bure. Miaka mitatu anazunguka baharini akitafuta njia ya kurudisha radhi ya baba. Na muda wote huo baba yuko chomboni naye, anamchemshia chai, anamfundisha kupumua, anavumilia makelele yake. Zuko hamwoni kwa sababu macho yake yako kwenye kiti cha enzi kule nyumbani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wewe. Unasema Zuko alipona alipolikubali kovu lake. Mimi sikuona hivyo. Katika msimu wa tatu anarudi kwao na kila alichokililia anakipata: umati unamshangilia, baba anamwambia anajivunia yeye, chumba chake, jina lake, heshima yake. Kovu halimzuii hata kidogo. Je, alitulia? Unakumbuka ile sehemu ya ufukweni, wenzake wanamuuliza ana hasira na nani, na anazunguka weee mpaka anakiri kwamba ana hasira na nafsi yake. Ukoo mzima ulishamkubali na bado halali usingizi, kwa sababu kule gerezani amefungwa mzee aliyemlea, na yeye ndiye aliyemsaliti.

Ndiyo maana ukumbi wa harusi haunivutii, mwanangu. Nakuona umejipangia mtihani: ukiingia bila pini na watu wasikutazame vibaya, umefaulu. Na wakikutazama je? Ukumbi una shangazi wa upande wa bibi harusi asiyekujua, kuna watoto, kuna mpiga picha wa video mwenye taa kali. Umewapa watu mia tatu kazi ya kuamua kama umepona, na wengi wao watakuwa wanawaza pilau. Nenda harusini, vaa vizuri, jipake hina, na pini ifunge au ifungue kama utakavyoamka siku hiyo. Usiibebeshe siku ya binamu yako mzigo usio wake.

Kilichomgeuza Zuko kilifanyika ndani ya hema, usiku, pasipo mtu wa kushangilia. Anaingia, anamkuta Iroh, aliyekwisha kutoroka gerezani, amelala anakoroma. Hamwamshi. Anakaa chini kando yake mpaka kunapambazuka. Mzee anapoamka anamgeuzia mgongo, na kijana anaanza kuomba msamaha huku analia, na kabla hajamaliza maneno yake mzee ameshamvuta kifuani.

Nimeitazama sehemu hiyo mara tatu huku barua yako ikiwa mapajani. Na mara ya tatu nilikuona wewe, lakini si pale ulipojiweka. Wewe unadhani nyumbani kwenu Zuko ni wewe, kwa sababu kovu ni lako. Mwanangu, Zuko wa nyumba yenu ni mama yako. Yeye ndiye anayezunguka nje ya hema kwa miaka 23, anataka kuingia, hajui aseme nini. Wewe ndiye uliyelala ndani umegeukia upande wa pili, na hujui kama kuna mtu mlangoni.

Hayo makopo ya krimu umeyasoma kama anakuambia, bado hujawa mzuri. Mimi nayasoma kama mama anayekuja kila Idi kuomba msamaha kwa mkono kwa kuwa mdomo umekataa. Siku alipouona uso wako wazi mezani akaacha wali, hakukukimbia wewe. Alikimbia ile jioni ya mvua. Wewe ulikuwa na miaka minne, huenda huikumbuki. Yeye anaikumbuka yote: kamba ya nguo, nguo mkononi, na alichokisikia kutoka ndani.

Tofauti iko kubwa, na nisiifiche. Zuko aliunguzwa makusudi na mtu aliyetaka kumfundisha adabu. Wewe uliungua kwa ajali, katika nyumba ya taa ya mafuta, na mama aliyekuwa na mikono miwili tu. Usimpe mama yako nafasi ya yule mfalme. Lakini pia usijilazimishe kusema huna kinyongo kama unacho. Inawezekana una hasira naye, si kwa moto, bali kwa ule ukimya ulioufuata, kwa zile picha za ukutani ambazo naamini zote zimepigwa upande wako wa kulia. Kama ipo, iseme. Mama mtu mzima ataibeba. Kinachomlemea ni kutojua.

Usimwitie kikao. Usimwambie “mama, leo tuongee”, atatafuta safari ya sokoni. Subiri siku mpo jikoni wawili, yeye yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, dada hayupo. Toa pini. Chukua mafuta ya nazi au vaselini ya kawaida, kaa kwenye kigoda mbele yake, umwombe akupake shavuni, kwa sababu ngozi ya kovu hukauka na kuwasha, na kuisugua taratibu kwa mafuta huisaidia kulainika. Hilo ni kweli la kitabibu, hutakuwa umemtegea. Utakapousikia mkono wake, na mkono huo utatetemeka, ndipo umwambie kwamba bibi alikusimulia habari ya mvua na nguo. Basi. Mengine yatakuja yenyewe, au hayatakuja siku hiyo, na utakaa tu kwenye kigoda unapakwa mafuta. Wewe ulikasirika Zuko alipokosa yale maji ya Katara. Mimi nilichokiona ni ule mkono shavuni na kijana aliyefumba macho. Wewe huo mkono unao umbali wa chumba kimoja.

Krimu mshukuru, kisha usizitumie. Unafanya kazi ya dawa, unajua kusoma lebo kuliko mimi. Baadhi ya hizo zinazouzwa kwa jina la kung’arisha zina zebaki na haidrokwinoni, kemikali zenye madhara, na kovu la miaka 23 haliondoki kwa kopo. Lakini hiyo shingo inayokuvuta ni jambo jingine kabisa, na umeipitia kwa nusu sentensi kana kwamba ni ubishoo. Ngozi ya kovu ikikaza shingoni, upasuaji na mazoezi vinaweza kuilegeza hata baada ya miaka mingi. Nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga wakuone, na ikibidi waombe rufaa ya kwenda hospitali kubwa, Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi. Kutaka kutazama juu bila maumivu hakupingani na kujikubali. Nimeona wasichana wakikataa matibabu kwa kuogopa kuonekana hawajipendi, na hilo huniuma.

Kuhusu kaunta, nenda. Hilo sikuchelewa kuliamua hata nusu saa. Mtu mwenye homa akija dirishani anataka anayezijua dozi, na anayezijua yuko stoo anahesabu maboksi. Anza na zamu ya asubuhi, wateja wakiwa wachache. Pini ikae kama unavyotaka wiki ya kwanza. Uwe na sentensi moja tayari mdomoni, “niliungua nikiwa mdogo”, uiseme kwa sauti ileile unayosemea “meza viwili kutwa mara tatu”, halafu urudi kwenye dawa. Watoto watauliza zaidi ya wakubwa. Wajibu, wakishajibiwa huendelea na mambo yao. Na atakuja siku moja mama amebeba mtoto aliyeungua na uji au maji ya moto, wanaletwa kila wiki hao, na atakayemwona wa kwanza dirishani ni wewe. Utakumbuka ule mguu wa Song. Sitakuambia ufanye nini siku hiyo.

Moto wenyewe nao tusiuruke, maana unatoka nje mshumaa ukiwaka. Kuna sehemu katika msimu wa tatu ambapo Zuko anapoteza uwezo wake wa moto. Miaka yote alikuwa anauchochea kwa hasira, na hasira imekwisha. Anakwenda na Avatar, yule kijana ambaye katuni imepewa jina lake, kwa watu wa kale, wanapewa kila mmoja kimoto kidogo cha kubeba mkononi kupanda nacho mlimani. Ukikipunguza mno kinazima, ukikizidisha kinakushinda. Huyo kijana mwingine naye aliogopa moto kwa sababu aliwahi kumuunguza rafiki yake. Niliipenda kwa vile walipanda polepole, wakitazama mikono yao. Usijilazimishe kukaa na mshumaa usiku kucha. Umeme ukikatika tena, kaa mlangoni badala ya barazani, uuone ukiwaka kwa mbali, na mama akiwa karibu nao. Kama hofu inakukosesha usingizi au kazi, hospitalini wapo washauri wa mambo ya akili, na hilo pia ni la kusema ukifika Bombo.

Nimekuandikia marefu kuliko ninavyowaandikia wengine kwa sababu barua yako ilikaa nami wiki tatu. Niandikie baada ya ile siku ya jikoni, hata mistari miwili.

Na huyo mtoto wa dada yako aliyekuuliza kama wewe ni mtoto wa mfalme, nimeisoma barua mara nyingi nikitafuta jibu lako na sikuliona. Ana miaka tisa, bado anangoja.

Wako,
Shangazi